Heshima kwa Bili ya Ndege

Huku Ushetu tumezoea kusifu. Tunasifu ng'ombe, tunasifu mvua inayowahi, tunasifu tumbaku iliyopata daraja zuri sokoni, na akina fulani wanasifu hata karasha linalosaga mawe ya dhahabu usiku kucha na kuwanyima majirani usingizi. Sijasikia aliyefungua kinywa kuisifu bili ya matengenezo ya ndege ndogo. Naelewa sababu. Hapa Nyamilangano simjui mtu mwenye ndege, na anayesafiri kwenda Kahama siku ya matope ana bili zake za karibu zaidi. Lakini uwanja wa Buzwagi hauko mbali, dhahabu inapanda bei, na wenye fedha huamka na mawazo. Iko siku tajiri mmoja atataka ndege, na mgeni atakayekuja nayo, yaani bili, sharti akute ametandikiwa mkeka.

Tuseme tajiri kanunua Cessna 172. Hajakosea. Ilianza kuundwa 1956, zimetoka zaidi ya 44,000, na hakuna ndege nyingine iliyoundwa kwa wingi hivyo. Iliyokwisha kutumika miaka mingi haipishani sana bei na Land Cruiser mpya, kwa hiyo tajiri hujiona amelamba dume. Anapiga picha na watoto, anachinja. Wageni wakishaondoka, bili inamvuta pembeni kwa adabu: shikamoo tajiri, wale walikuja kula, mimi ndiye nitakayekaa nawe.

Na kukaa inakaa. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza, uaminifu. Ukiruka inakuja: oili kila saa 50, ukaguzi kila saa 100, magneto kufunguliwa kila saa 500, na zikitimia saa 2,000 injini inashushwa yote, inafumuliwa na kujengwa upya. Ukijifanya mjanja ukaacha kuruka, inakuja vilevile. Lycoming, waundaji wa injini nyingi za ndege hizi, wanakuambia saa hizo au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kemshafti ya injini hizo imekaa juu. Ndege ikilala muda mrefu oili inatiririka chini na kuiacha chuma kitupu kikionjwa na unyevu wa masika. Msukuma akiacha ng'ombe wake malishoni mwakani anahesabu ndama. Wewe uliyeacha Cessna bandani utahesabu kutu.

"Fundi, mbona hii ndege haijaruka tangu kiangazi?"

"Ndiyo maana nimekuja, bosi."

Ya pili ni elimu. Nani mwingine angemfanya mwenye mali apige magoti kutazama reli ya kiti cha rubani? Kiti cha Cessna hutelezeshwa juu ya reli yenye matundu, na pini huingia tunduni kukizuia. Miaka ikipita tundu linalika, linakuwa na umbo la yai, pini inashika kwa kubahatisha. Ndege inapaa, pua inainuka, kiti kinachomoka na kurudi nyuma na rubani akiwa juu yake. Naye, kama mtu yeyote anayeanguka, anashika kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni usukani. Akiuvuta, pua inazidi kuinuka, mwendo unakata, na kimo cha kujiokolea hakipo. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru reli hizo zikaguliwe kila mara. Basi fundi analala kifudifudi na tochi, anapima tundu moja baada ya jingine, na tajiri akiona karatasi anauliza kama kweli analipishwa matundu. Ndiyo, tajiri. Unalipia matundu, na ni rahisi.

Tusimsahau nyigu, mshirika mkuu wa bili yetu. Chini ya bawa la kushoto kuna kibomba chembamba kinachopokea upepo ili rubani ajue mwendo wake. Kwa nyigu wa udongo ni nyumba iliyokwisha kujengwa, imebaki kupigwa lipu tu. Msimdharau. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 wakafa. Kibomba cha aina hiyo kilikuwa kimeziba, na wachunguzi waliwashuku nyigu. Dawa yake ni mfuko wa kitambaa chekundu, kitu cha bei ya soda chache. Ni pesa pekee katika habari hii ambayo tajiri hulipa akicheka, na mfuko huo ndio anaosahau kuutoa kabla ya kuwasha injini.

Changarawe za viwanja vyetu zinazomega ncha za rafadha nazipita haraka, maana fundi hulainisha kijeraha kwa tupa kabla hakijawa ufa. Mafuta nayo si ya kituo cha barabarani: ni petroli ya ndege, ya rangi ya buluu, yenye risasi ndani yake, na huku bara pipa lake hufika limesafiri kuliko abiria. Spea huenda ikatoka Nairobi, uwanja wa Wilson, uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Njiani wanakula wakala wa forodha, dereva wa lori, mwenye gesti na mama ntilie. Ndege yenyewe imebeba watu wanne tu. Bili yake imelisha ukoo.

Wapo watakaosema huu ni unyonyaji. Wasubiri siku tajiri atakapochoka na kutaka kuuza. Mnunuzi anayejua kazi hataanza na rangi wala viti vya ngozi. Ataomba madaftari ya ndege, atavuta kiti, atafungua ukurasa baada ya ukurasa akitafuta mihuri na saini za mafundi, matundu yale, magneto zile. Daftari likikosekana, bei inashuka hapohapo kabla hajaenda bandani. Likiwa limejaa, tajiri atakaa pembeni akitazama kila bili aliyoilaani ikihesabiwa upya, safari hii upande wake.