Mwalimu, Nipigie Hesabu

Mwaka 1654 mcheza kamari wa Ufaransa, Chevalier de Méré, alimpelekea Blaise Pascal maswali yake ya kamari. Pascal akaandikiana na Pierre de Fermat, na elimu ya uwezekano ikapata msingi. Kijana wetu wa Kasongo naye humwendea mtaalamu, mwalimu wa hesabu, ila tiketi ya kamari ya mpira ikishakatwa. Mechi 10; kila moja ushindi wa nyumbani, sare au ushindi wa ugenini. Mwalimu anazidisha kwa chaki: njia 59,049.

“Yako ni moja tu, mdogo wangu.”

“Mwalimu, ungejua hesabu ungekuwa bado unangojea mshahara?”

Kijana anapanda pikipiki kwenda Kabambare, tiketi mfukoni. Kampuni ya kamari ilimlipa mtaalamu wake kabla ya mechi kupangwa.