Namna ya Kula Kunde Mwezi Januari Mbele ya Mbuzi wa Jirani

Anayetaka bustani ya nyumbani hapa Koboko, Uganda, aanze kwa kumpa mbuzi heshima yake. Mvua ikishakatika na mavuno yakitoka shambani, mbuzi wengi hufunguliwa kamba. Mbuzi habishi hodi, na jani bichi analiona kabla ya mwenyewe. Basi tumpangie mwaka mzima.

Machi na Aprili: wigo kwanza. Mvua za mwanzo zisikutie kiherehere cha mbegu. Chomeka vipande vya mbono kaburi kuzunguka kiwanja, shina karibu na shina. Majani ya mbono mbuzi hayataki. Mwaka wa kwanza wigo bado mwembamba, kwa hiyo uzibe mianya kwa matawi ya miiba. Ukimaliza, panda kunde, dodo (mchicha), bamia na sukuma wiki.

Mei hadi Julai: mbuzi alipe kodi. Kusanya samadi yake, changanya na majani makavu na majivu kidogo ya jikoni, ifunike ioze mpaka ifanane na udongo. Nyasi unazofyeka usizichome moto. Zitandaze kati ya mistari. Katikati ya mwaka mvua hupungua, na matandazo hayo huzuia unyevu usipotee. Wadudu wakivamia, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, kisha nyunyiza jioni.

Agosti hadi Oktoba: weka akiba. Hii ndiyo mvua kubwa. Chimba mifereji ya kukinga mteremko ili maji yazame badala ya kubeba udongo wako hadi mtoni. Mashina machache ya kunde yaliyo bora usiyachume kabisa. Hayo ni mbegu za mwakani. Majani ya kunde yanayozidi yaanike kivulini, uyahifadhi pakavu: ndiyo kunde zako za Januari.

Novemba hadi Februari: hamia kwenye gunia. Liweke juu ya jukwaa karibu na mlango wa jiko, kisha lijaze udongo na samadi, ukiacha nguzo ya mawe katikati ili maji yafike chini. Toboa ubavuni, upandikize sukuma wiki. Mwagilia maji uliyooshea mboga na mchele. Hata mwenye kiwanja chembamba kule Lobule, wanakoishi wakimbizi kutoka Kongo, gunia moja linamtosha kuanzia.

Mtihani ni huu: mbuzi akisimama nje ya wigo akikutazama unavyokula, umefaulu.

Lakini wigo peke yake hautoshi. Kabla ya Desemba, nenda kwa jirani, mkubaliane mbuzi wafungwe na wakatiwe majani. Mpelekee na fungu la kunde. Kiangazi mboga hupanda bei sokoni, na watoto wa nyumba zote mbili wanazihitaji. Mboga ya Januari huandaliwa Machi: mvua ya kwanza ikinyesha, shika panga ukakate mbono.