Akufukuzaye Hakwambii Toka: Uainishaji wa Viumbe wa Kiwanja Kidogo cha Ndege

Utangulizi

Taaluma ya viwanja vidogo vya ndege imepuuzwa na wanazuoni kwa muda mrefu. Wataalamu wa ndege wenye manyoya tunao, nao huwatambua korongo na heroe kwa mlio tu. Lakini hatujampata mtafiti aliyekaa uzioni mwa kiwanja akaandika nani hula nini, nani humpisha nani, na nani hutoweka wa kwanza mwekezaji akishafika. Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo, kama makala zote za kitaaluma zinavyokusudia.

Makazi yaliyochunguzwa ni Biggin Hill, kiwanja kilicho kusini-mashariki mwa London, mwendo wa kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Mwaka 1940 ndege za kivita za Uingereza ziliruka hapo kupambana na Wajerumani. Mwaka 1959, kiwanja cha Croydon kilipofungwa, klabu na shule za urubani zilizokuwa huko zilihamia Biggin Hill na vikombe vyao vya chai. Leo Biggin Hill ni mlango wa jeti za matajiri na makampuni.

Kwa mbinu ya uchambuzi, tumeazima ngeli kutoka kwenye sarufi. Sababu ni kwamba kiwanjani, kama katika sentensi, ukishajulikana ngeli yako, kila kitu kinachokufuata hupatana nawe: geti, ada, sauti ya mlinzi, hata kahawa.

Ngeli ya Kwanza: Ndege wa Jumamosi

Mfano wake bora ni Cessna 152, chombo cha viti viwili ambacho uzito wake wote wakati wa kuruka hauruhusiwi kuzidi kilo 757, mwalimu mnene akiwemo. Binamu yake wa viti vinne, Cessna 172, ametengenezwa zaidi ya mara 44,000 tangu miaka ya 1950, na hakuna ndege nyingine iliyoundwa kwa wingi kama huo. Chakula cha kiumbe huyu ni petroli ya ndege, lita zisizofika 30 kwa saa.

Hutambulika kwa ibada yake ya kabla ya kuruka. Mwenyewe hupiga goti chini ya bawa, akabonyeza kijivalvu, akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki angavu. Kisha hukiinua kikombe juani. Mafuta yanatakiwa yawe ya buluu. Kama kuna tone la maji, litakuwa limetuama chini likimsubiri. Akiridhika hufuta mikono kwenye suruali, na ndiyo maana suruali zake zote hufanana.

Uzazi wake ni wa taratibu. Mwanafunzi nchini Uingereza huhitaji angalau saa 45 za kuruka ili apate leseni ya urubani binafsi. Akishaipata humpandisha shemeji yake, na shemeji akishuka bila kutapika, naye huulizia ada ya masomo. Njia nyingine ya kuzaliana haijaonekana.

Ngeli ya Pili: Jeti

Gulfstream G650 ina urefu wa mita 30, huruka na uzito wa tani 45, na inaweza kusafiri takriban kilomita 13,000 bila kutua. Kiumbe huyu hupenda viwanja vidogo kwa sababu Heathrow kuna foleni na nafasi za kutua ni za kugombania. Biggin Hill hakuna foleni, na helikopta humfikisha abiria Battersea, kando ya mto Thames, kwa dakika sita.

Abiria wa ngeli hii huonekana kwa nadra sana. Gari husogezwa hadi mguuni mwa ngazi, mlango hufunguliwa, na mtafiti hubaki na kumbukumbu ya kiatu kimoja. Ipo pia ngeli ndogo, Jeti Tupu, inayoruka bila abiria kwenda kumfuata mteja aliye mji mwingine. Hata ikiwa tupu, hupishwa vilevile.

Ngeli ya Tatu: Masalia Matukufu

Hizi ni Spitfire, ndege za kivita za enzi ya 1940. Zina kelele, zimezeeka, hula mafuta kama hazina akili nzuri. Kwa kila kigezo zingetakiwa kuwa za kwanza kuondolewa. Badala yake hutunzwa kwa heshima, na mgeni aweza kurushwa ndani ya moja kwa maelfu ya pauni. Tunapata hapa kanuni muhimu: uzee wenye picha kwenye kipeperushi huitwa urithi, uzee usio na picha huitwa msongamano.

Ngeli ya Nne: Jirani

Haruki, lakini hupaa kwa urahisi. Jirani alinunua nyumba karibu na kiwanja, kisha akagundua kwamba kiwanja kina ndege. Cha kushangaza ni kwamba jeti si lazima imkere zaidi. Jeti hupita mara moja ikatokomea. Ndege wa Jumamosi, akiwa na mwanafunzi anayejifunza kutua, huzunguka na kurudi juu ya paa lilelile mara kumi mchana mmoja. Kwa hiyo jirani akiandika barua ya malalamiko, mara nyingi humpa mwekezaji silaha asiyoitarajia.

Mchakato wa Kutoweka

Kosa la wengi ni kutafuta siku ambayo ngeli ya kwanza ilifukuzwa. Siku hiyo huwa haipo. Waswahili walishasema, akufukuzaye hakwambii toka. Kinachotokea ni mlolongo wa hatua, kila moja ikiwa na sababu nzuri kabisa.

Hatua ya kwanza ni zimamoto. Daraja la kikosi cha zimamoto kiwanjani hupangwa kwa urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake. Cessna 152, yenye mita saba, iko daraja la 1. Jeti ya mita 30 imo daraja la 6. Kiwanja kinachomkaribisha mkubwa hununua magari makubwa, huajiri watu wengi zaidi, kisha hutafuta pa kurudishia gharama. Ada ya kutua hupanda kwa wote. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa mgeni kaja, na mwenyeji kaletewa bili.

Hatua ya pili ni upepo. Biggin Hill ilikuwa na njia mbili za kurukia zinazokatana, na sasa inatumia moja, hata upepo ukivuma kutoka ubavuni. Jeti nzito haioni tatizo. Lakini Cessna 152 imethibitishwa kutua kwenye upepo wa ubavuni wa takriban kilomita 22 kwa saa. Ukizidi hapo, mwanafunzi hubaki kantini akinywa chai, na saa zake 45 husogea hadi mwaka ujao.

Hatua ya tatu ni mwendo. Jeti huja kutua kwa kasi ya karibu kilomita 220 kwa saa, mdogo kwa nusu ya hapo, na nyuma ya mkubwa huachwa msukosuko wa hewa unaoweza kumpindua anayefuata. Mwongozaji mnarani, kwa haki kabisa, humwamuru mdogo azunguke asubiri. Huzunguka akilipia kila dakika. Mwenye nguvu mpishe, ila wahenga hawakutaja nani analipa mafuta ya kupisha.

Hatua ya nne ni anga lenyewe. Ushahidi uko Farnborough, kusini-magharibi mwa London, mahali ambapo Samuel Cody aliruka kwa ndege yenye injini kwa mara ya kwanza nchini Uingereza tarehe 16 Oktoba 1908. Leo ni makao ya jeti za biashara. Anga jipya linalodhibitiwa lilipoidhinishwa kwa ajili yao, klabu ya ndege zisizo na injini ya jirani, Lasham, ilikwenda mahakamani ikashindwa mwaka 2019. Februari 2020 anga hilo likaanza kutumika. Ndege isiyo na injini huishi kwa kufuata hewa ya moto inayopanda. Kuiambia ikasubiri kando ni kuiambia ikatue.

Mjadala

Mtetezi wa mwekezaji atauliza: mnataka kiwanja kife kwa heshima? Petroli ya wanafunzi haijengi hanga. Hoja hii ni ya kweli, na mwaka 2022 kampuni ya Bombardier ilifungua Biggin Hill kituo kikubwa cha kuhudumia jeti, na mafundi wakapata kazi. Lakini rubani wa jeti hakuanguliwa ndani ya jeti. Wengi walianza na kikombe kile cha mafuta ya buluu.

Upo pia ushahidi kwamba mambo haya si majaliwa. Kiwanja hiki ni mali ya halmashauri ya Bromley, iliyokikodisha mwaka 1994 kwa miaka 125. Mpangaji alipotaka kuanzisha safari za abiria wanaokata tiketi mmoja mmoja, mgogoro kati yake na halmashauri ulifika mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mkataba hauruhusu. Ukikodi ndege nzima, karibu. Ukinunua kiti kimoja, kiwanja si chako. Maneno machache ya mkataba yalizuia biashara nzima.

Hitimisho

Kwa hiyo mkataba unaoweza kumzuia abiria wa tiketi moja ungeweza pia kumlinda mwanafunzi: saa zake za kuruka, hanga lake, kikomo cha ada yake. Wasomaji wa Nairobi wana sababu ya kulifikiria hili. Wilson, kiwanja kilichobeba jina la Florence Kerr Wilson tangu 1962, bado kina shule za urubani, klabu ya tangu 1927 na ndege za madaktari wa AMREF, na kiko chini ya mamlaka ya umma. Siku mwekezaji atakapoleta michoro yenye hanga za vioo, asiulizwe jeti ngapi zitatua. Aulizwe mwanafunzi atatua wapi, na jibu liandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi.