Namna ya Kuharibu Chapa ya Jino Bila Kushtukiwa

Daktari, jino umeshachonga, mgonjwa kachoka kukaa kinywa wazi, na foleni nje haipungui. Sogea nikupe njia za mkato.

1. Achana na uzi. Ule mwembamba wenye dawa ya kuzuia damu, unaosukumwa taratibu kati ya jino na ufizi, uache koponi. Ufizi utalalia ukingo ulipochonga, damu na mate vitaziba, na silikoni ya kuchukulia chapa haitafika. Hapo umeua kazi nzima, maana kofia itakayovikwa jino huponea ukingoni. McLean na von Fraunhofer waliandika mwaka 1971 kwamba pengo linalovumilika halizidi maikromita 120, karibu unene wa karatasi.

2. Kanda silikoni ukiwa na glavu za lateksi. Salfa iliyomo itaizuia kukaza, ibaki inanata.

3. Gundi ya trei usipake. Chapa itabanduka kwenye trei wakati wa kutoa, na kwa macho hutaona kitu.

4. Umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, fuata dakika zilezile za kwenye boksi. Zilipimwa kwenye nyuzi joto 23 hivi. Dar es Salaam ya Februari itakukazia silikoni kabla hujafika mdomoni.

5. Aljineti ya meno ya upande wa pili iache dirishani, ukanywe chai. Itapoteza maji na kusinyaa. Kitambaa chenye unyevu na plasta ya haraka ni vya wenye muda.

6. Ukiona kitobo cha hewa ukingoni, funga mfuko wa maabara upesi. Ukirudia mbele ya mgonjwa, atadhani hujui kazi.

Sasa mzigo ni wa fundi wa maabara anayetengeneza kofia. Ataigeuza chapa chini ya taa, atamimina plasta, atachukua penseli nyekundu achore mstari wa ukingo. Ukingo haupo. Atakisia, kwa sababu na yeye ana kazi nyingine kumi mezani.

Kofia itarudi inang'aa. Ikigoma kukaa, isage kwa ndani, ijaze saruji, ubonyeze. Muulize mgonjwa kama anauma vizuri. Atasema ndiyo: ganzi haijaisha, na anakuheshimu.

Saruji itayeyuka polepole pale penye pengo, bakteria wataingia, na jino litaoza chini ya kofia bila kuonekana. Jino lililochongwa halioti tena, daktari. Na mama huyu alikopa kwenye kikoba ili alipie.

Ipo njia nyingine, fupi kuliko zote hizi. Kabla hajanyanyuka kitini, mwonyeshe kile kitobo, umwambie: "Mama, hii haijatoka vizuri, naomba turudie." Atatikisa kichwa, atasukutua, atafungua kinywa tena. Weka uzi.