Suti ya Baba Zawadi

Kila akitoka harusini, mume wangu alikuwa akitupa koti kitandani, shati limemganda mgongoni, na kuapa kwamba suti ya tetroni hataivaa tena. Ukumbi wa Tanga mwezi Februari, feni zote zinapuliza meza kuu: kiapo hicho nilikuwa nakielewa. Kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba yeye ndiye atakayeongoza msafara wa mahari ya mdogo wake kwenda Korogwe, akatangaza kuwa safari hii anashona suti ya pamba tupu.

Shemeji akamshauri ashone kaunda, isiyo na tai wala usumbufu.

"Kaunda? Spika wa Kenya kazipiga marufuku bungeni tangu Novemba 2023. Unataka wakwe zako wanizuie mlangoni?"

Mimi nimekulia Maswa, pamba nimeichuma mpaka vidole vikachubuka, kwa hiyo mtu akiisifia namsikiliza kwa makini. Sifa zake ni za kweli. Pamba hunywa jasho na kuliachia hewani. Tetroni hailinywi, linabaki ngozini. Lakini nyuzi za pamba huvutwa sana kiwandani, na siku zikikutana na maji hurudi zilikotoka. Mmarekani Sanford Cluett alibuni njia ya kukibana kitambaa kwa mashine ili kirudi mapema, kabla hakijafika dukani. Kile alichonunua Baba Zawadi, rangi ya kaki, kizito na kizuri kweli, hakikuwa kimepitia huko.

Fundi alikigusa tu akajua. "Kimelowekwa hiki?"

"Fundi, kitambaa kipya utakilowekaje? Jumamosi nasafiri."

Mzee hakubishana. Alishona, akatia bitana la poliesta linaloteleza vizuri, akatuambia tumpe salamu wakwe.

Tulipanda basi asubuhi na Baba Zawadi amenyooka. Tuliposhuka Korogwe, mikunjo ilikuwa imejipanga viwikoni, nyuma ya magoti, na mgongoni pale alipoegemea kiti. Pamba ndivyo ilivyo: unyevu wa mwili unailainisha, ikikaukia ikiwa imekunjwa basi mkunjo unabaki hapo mpaka ipate maji au pasi. Mzee mmoja wa upande wa pili alimuuliza kwa upole kama tulilala njiani.

Hata hivyo mazungumzo yalipokuwa marefu, na mahari yakawa marefu kweli, nilimwona baba mdogo wa bibi harusi katika suti yake ya kung'aa akijipangusa shingo kwa kitambaa cha mkononi, kisha akakikamua. Baba Zawadi alikuwa mkavu. Tulipunguziwa mbuzi, na mpaka leo anaamini ni suti iliyofanya kazi hiyo.

Mbaya ni mchuzi wa samaki wa nazi, uliomwagikia kwenye kola wakati wa chakula.

Nyumbani, mama mkwe alitoa amri kwamba doa la manjano linatolewa kwa maji ya moto. Zawadi akachemsha maji, suti nzima ikaingia beseni. Doa lilipauka kidogo tu. Suti ilipokauka, mikono ilikuwa imepanda juu ya vifundo na suruali ikaacha soksi hadharani. Poliesta hairudi hivyo kwa maji, kwa hiyo bitana lilibaki na urefu wake wa zamani na kuchungulia chini ya koti kama gagulo.

Zawadi akafikiri pasi italivuta koti. Umeme ulikuwa umekatika, akawasha pasi ya mkaa, ambayo haina kidude cha kupunguza moto. Pamba inastahimili moto wa karibu nyuzi joto 200, bitana halikustahimili. Lilinata kwenye pasi, likatoka na tundu, na nyumba nzima ikanuka plastiki. Mama mkwe akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumjulia hali mtaa wa pili.

Harusi ilikuwa karibu. Fundi alipoletewa mabaki hayo hakucheka, jambo lililomuuma Baba Zawadi kuliko kicheko. Akafungua upindo wa suruali: ndani alikuwa ameacha akiba ndefu. Mikononi vilevile.

"Nilijua mtarudi," akasema.

Bitana akaling'oa lote, akaifunika mishono kwa utepe wa pamba. Kwa maoni yangu hapo ndipo suti ilipopatikana. Koti la pamba lenye bitana la poliesta ni kufungua dirisha na kulitundikia turubai. Sasa upepo ulikuwa unapita. Mstari wa upindo wa zamani ulionekana, kwa sababu kitambaa kilichofichwa hakikuchuja kama kingine, lakini usiku ukumbini nani anakagua mikono ya watu?

Wenzake walikuwa wameshavua makoti kabla keki haijakatwa. Yeye alibaki nalo mpaka mwisho, ana mikunjo na hajali.

Sasa shemeji anaitaka ya kuazima kwa mahafali. Ameambiwa atapewa, ila asafiri nayo ikiwa kwenye hanga, ale kwanza ndipo avae, na akiichafua airudishe hivyohivyo na uchafu wake.