Kompyuta Imegoma Kuwaka: Mwongozo kwa Wenye Hasira

Kwanza kabisa, toa watu chumbani. Kompyuta ya nyumbani ikigoma hapa wilayani Kasese, Uganda, iwe mjini au Bwera, mafundi huzuka kila pembe: shemeji aliyewahi kuuza simu, jirani anayeapa kuwa ni virusi, na kijana anayetaka kuipiga kofi ubavuni kama redio ya mkulima. Wapeleke wote barazani wakanywe chai, na huyo wa kofi umfungie mlango. Kompyuta nyingi za zamani zina diski yenye sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kuisomea huelea juu yake bila kuigusa. Kofi moja likikigusanisha na sahani, picha za harusi zimekwenda.

Mkibaki wawili, wewe na mashine, uliza swali ambalo wasomi huona aibu kuliuliza: umeme upo? Taa ya sebuleni isikudanganye. Chukua chaja ya simu, ichomeke kwenye soketi ileile, uone. Tunaishi katika wilaya inayozalisha umeme kwa maji ya mto Mubuku, na kituo cha Bugoye chenye megawati 13 kinafanya kazi tangu 2009, lakini umeme kuzalishwa jirani si sawa na umeme kufika kwenye waya wako. Nyumba zetu zimeandikiwa volti 240. Jioni, pasi na majiko ya umeme yakiwashwa mtaa mzima, volti zinaweza kushuka sana. Dalili yake ni rahisi: balbu inafifia, feni ya kompyuta inazunguka kidogo, halafu kimya. Jaribu tena alfajiri. Ikiwaka alfajiri na kugoma jioni, mgonjwa ni umeme, na dawa yake ni stebilaiza au UPS. Usimlipe mtu akufungulie mashine nzima.

Anayetumia sola, kule Kasenyi kando ya Ziwa George au popote pasipo na nguzo, asome wati zilizoandikwa kwenye inveta yake. Kompyuta ya mezani hudai umeme mwingi zaidi inapoanza kuliko inapokuwa imetulia. Inveta ndogo inayobeba taa na televisheni bila shida inaweza kujizima pale pale unapobonyeza kitufe. Na aliyenunua mashine ya mtumba achungulie nyuma, karibu na waya wa umeme: baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Kwetu iweke kwenye 230. Ukiiacha kwenye 115 utasikia mlio na harufu, na hapo pawa saplai imekufa.

Umeme ukiwa sawa, ikamue mashine. Chomoa waya, toa betri kama ni laptopu yenye betri ya kutoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha, washa. Inafanana na uganga, lakini umeme uliobaki kwenye madabodi huweza kuikwamisha kompyuta nzima, na njia hii haigharimu hata shilingi.

Bado? Basi sikiliza. Mashine inayolia tii-tii-tii inakusaidia: hesabu milio uiandike, kwa sababu kila kampuni ina hesabu yake, na mara nyingi kinacholalamikiwa ni kumbukumbu, vile vijiti vya RAM. Chomoa umeme, gusa chuma kitupu ili mwili wako upoteze chaji, toa kijiti, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, kirudishe mpaka kilie klik. Ukiwa humo ndani, ondoa vumbi kwa brashi laini. Kasese iko bondeni chini ya Rwenzori, kuna joto, na vumbi la kiangazi huziba feni hadi mashine inajizima yenyewe kwa kuchemka. Ukimkuta mjusi, mtoe kabla hujarudisha umeme.

Ikiwaka huku ikidai tuko mwaka ambao hata haikuwa imeundwa, badilisha betri ya duara ya CR2032. Ikisema haioni diski ya kuanzia, chomoa flashi uliyoisahau tangu jana. Haya mawili yameshawalipisha watu wengi pesa za bure.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Fundi akishindwa kuelewa, sentensi yake ni moja: tupige Windows, yaani tuiweke upya. Mkatalie, mpaka faili zimetolewa. Kupiga Windows bila kunakili kwanza kunaweza kufuta kila kitu, na kompyuta moja ya nyumbani mara nyingi hubeba daftari la kikundi cha akiba, alama za wanafunzi, orodha ya kwaya na hati za kiwanja. Windows yenyewe, ikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, huleta ukurasa wa kujitengeneza, anzia hapo. Ukikwama, mwambie fundi aiwashe kwa flashi yenye Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo ni ya bure: diski ikiwa nzima, faili zitaonekana na utazinakili. Laptopu mpya zaweza kuwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, hivyo utafute ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft. Na ukisikia diski inagonga, tak, tak, tak, zima hapo hapo. Kila jaribio la kuiwasha tena laweza kuikwangua zaidi, na shemeji asikushawishi ujaribu mara ya mwisho.

Kwa walio karibu na mto Nyamwamba kuna kanuni ya ziada. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliingia hadi hospitali ya Kilembe, sembuse sebule. Kompyuta iliyoingia maji usiiwashe kuona kama ni nzima, kwa kuwa kuiwasha ndiko kunakoiua. Chomoa waya na betri, mpelekee fundi diski, mweleze kuwa ilizama. Na mvua yenye radi ikianza kushuka kutoka milimani, chomoa waya wa umeme na wa intaneti pia.

Ndugu msomaji, kama kompyuta yako imewaka vizuri leo, usingoje igome. Nunua diski ya nje, nakili faili zako zote leo hii, kisha uitunze katika nyumba nyingine, mbali na mto.