Barua ya Wazi kwa Mkubwa wa Mifumo Yote

Mkubwa wa Mifumo Yote ya Taarifa za Shule,
Popote Ulipo,
Tanzania.

YAH: MAOMBI YA KUMREJESHA DOTO SHULENI, INGAWA YUPO DARASANI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule huku Nkoma, wilayani Itilima, mkoani Simiyu. Kwanza pokea pongezi. Si wengi wanaotawala mambo mengi kiasi hicho bila mtu kujua meza yao iko wapi. Nimeulizia. Wizara ya Elimu ina sera. TAMISEMI ina shule. NECTA ina namba ya mwanafunzi, ile ya PReM. RITA ina cheti cha kuzaliwa. Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa sheria ya 2019, inasimamia viwango ili mifumo isomane. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya 2022, inalinda taarifa zisivuje. Kila mlango una mtu muungwana wa kukuelekeza mlango unaofuata.

Sasa niseme shida. Kijijini kuna mzazi mwenye mapacha, Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija. Mapacha hawa wana baba mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa na darasa moja. Mfumo mmojawapo, ambao kwa heshima sitautaja, ulipofanya usafi wa takwimu ukagundua kwamba huyu ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Ukamfuta Doto. Hata mama yao huwachanganya, lakini hajawahi kumfuta mmoja.

Mfumo wa pili unamtambua Doto, ila ritifaa ya jina la babu yake hauitaki. Ng'wandu wa kwenye cheti huko anaitwa Ngwandu, na kwa kuwa majina hayafanani, Doto huyo si Doto yule. Ametoka kuwa nusu ya mtu hadi kuwa watu wawili.

Huku Usukumani tulikuwa na utaratibu wetu wa kupashana taarifa kabla ya nguzo za umeme. Ukisikia mtoto anaitwa Shija, iwe Maswa, Meatu au Magu, unajua waliomtangulia ni mapacha. Mfumo wako umempokea Shija bila swali. Nadhani unaamini alitanguliwa na pacha mmoja.

Usidhani tunagombania herufi. Ruzuku ya shule ya msingi hukokotolewa kwa kichwa; elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Doto akifutwa, na chaki yake imefutwa. Kinyume chake, familia ikihamia Katavi na ng'ombe wake, mtoto akihamishwa kwenye mfumo huu na kusahauliwa kwenye ule, atasoma mikoa miwili kwa wakati mmoja. Mwaka huohuo wa 2016 serikali ilisaka wanafunzi hewa. Kama kuna waliotunga majina ili wale ruzuku, hao hatuwatetei. Lakini mtoto wa Katavi hakutungwa na mtu. Ametungwa na mifumo miwili isiyosalimiana.

Vifaa hatuvilaumu. Mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 kwa fedha za Uingereza, uliwaletea walimu wakuu wa mkoa huu vishikwambi. Serikali nayo imejenga njia ya kupitishia taarifa kutoka mfumo hadi mfumo. Tunachoomba ni kikao. Marekani walikaa mwishoni mwa miaka ya 1990, watengeneza programu pamoja na watu wa shule, wakakubaliana taarifa za mwanafunzi ziandikwe vipi. Makubaliano yakaitwa SIF, na Australia wakayachukua wakayarekebisha kwa mazingira yao. Kwetu kikao hicho anakaa mwalimu mkuu peke yake, usiku, juu ya kichuguu ambako mtandao unashika, akijaza mfumo wa pili yaleyale aliyojaza kwenye wa kwanza. Yeye ndiye waya unaounganisha mifumo ya taifa, na asubuhi waya huo una kipindi cha hisabati darasa la saba.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kila taarifa iwe na mwenyewe mmoja. Wengine wasome, wasiandike upya. Jina litoke kwenye cheti, na asiye na cheti asikose namba. Kenya walipofunga ruzuku kwenye mfumo wa NEMIS uliodai cheti cha kuzaliwa, watoto wasio na cheti walikaa darasani bila kuhesabiwa.

Pili, mtoto asifutwe kabla ya shule yake kuulizwa, na ijulikane rufaa inakatwa wapi na kujibiwa kwa siku ngapi.

Tatu, kiwango kikibadilishwa, kitangazwe mapema, na kwenye kamati inayokibadilisha awemo mwalimu mkuu wa kijijini mwenye kura. Posho yake haitazidi ya mtaalamu mwelekezi.



Mjumbe wa Kamati ya Shule,
Nkoma.

Nakala:
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia
TAMISEMI
NECTA
RITA
Mamlaka ya Serikali Mtandao
Doto (atapewa yake akitoka shuleni)